Ufa usioonekana chini ya udongo wa Ruzizi: unachorwaje kwenye ramani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari kwenye uwanda wa Ruzizi, mashariki ya Kongo, kati ya Luvungi na Sange. Ramani ya jiolojia tuliyo nayo, nakala ya nakala, imepaka uwanda wote rangi moja ya manjano iliyoandikwa "mashapo ya karibuni", na chini ya milima kuna mstari mmoja mwekundu ulionyooka. Lakini nyuma ya shule ardhi inashuka ghafla kwa ngazi moja inayokata mashamba ya mihogo, na wazee wanasema chemchemi tatu za hapa kwetu zimejipanga kwenye mstari. Wanafunzi wananiuliza: mnajuaje kuna ufa mahali ambapo hakuna jiwe, ni udongo tu? Mnajuaje kama bado uko hai? Kamati ya wazazi nayo inataka kujenga madarasa mapya na inaniuliza ramani inasema nini. Niwajibu nini?

JIBU: Mwalimu, pokea salamu kutoka Bukavu. Maswali yako yanafuatana vizuri, na lile la wazazi halijibiki kabla ya yale ya wanafunzi, kwa hiyo nitayachukua kwa utaratibu huohuo. Nitangulize jambo ambalo jibu lote litalizunguka: kwenye bonde lenye nyufa zilizo hai, yaani zinazoweza kusogea tena, mstari wa ufa ndio kitu cha mwisho kuchorwa. Kazi inaanza na mashapo, yaani mawe, mchanga na matope yaliyoletwa na maji yakatua. Ukiyachora kwa uangalifu, tabaka kwa tabaka, ufa utajitaja wenyewe. Ukianza na mstari, utayalazimisha mashapo yaufuate, na matokeo yake ni ramani kama hiyo iliyobandikwa ukutani kwenu.

Rangi hiyo ya manjano inanikera kwa dhati. Ramani nyingi za zamani za Kivu zilichorwa na watu waliotafuta kasiteriti (madini ya bati) na dhahabu, na vitu hivyo viko mlimani, ndani ya miamba ya kale ya milima ya Mitumba: naisi, shisti, kwatziti na graniti zenye umri wa karibu miaka bilioni moja hadi bilioni mbili. Uwanda ulikuwa njia ya kupita kwenda Uvira. Ukapakwa manjano, yakaisha. Lakini kwa mtu anayeishi uwandani, manjano hiyo ndiyo nyumba yake, kisima chake na shamba lake, na ndani yake kuna mashapo ya aina nyingi ambayo hayafanani kwa umri, kwa uimara wala kwa hatari.

Kwanza tukumbushane bonde lenyewe lilivyotokea. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unapita kwenye maziwa Albert, Edouard, Kivu na Tanganyika hadi Malawi. Hapa kwetu vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba pande zake mbili zinaachana kwa milimita mbili hadi tatu hivi kila mwaka. Ni kidogo, lakini kwa mwendo huo miaka milioni moja inatosha kufungua kilomita mbili au tatu. Ardhi inapovutwa namna hiyo inakatika kwa nyufa zilizolala mshazari, na kipande cha katikati kinashuka. Vitabu vya shule huchora pande mbili zinazoshuka sawasawa. Mambo si sawasawa hivyo. Katika miaka ya 1983 na 1984 mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulipitisha chombo juu ya Ziwa Tanganyika kikituma mawimbi ya sauti hadi chini ya sakafu ya ziwa. Ikaonekana kwamba kwa kawaida ufa mkubwa uko upande mmoja tu. Upande huo unazama sana, na ule mwingine unainama kuufuata. Ukiendelea kusini, ufa mkubwa unahamia ng'ambo, kisha unarudi. Mashapo yaliyojaza bonde hilo yana unene wa kilomita kadhaa.

Uwanda wenu ni mwendelezo wa bonde hilo upande wa kaskazini, sehemu iliyojaa mashapo hadi ikatoka majini. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 hivi. Ruzizi inashuka tofauti hiyo kwa mwendo usiozidi sana kilomita 120, na sehemu kubwa ya mteremko iko kwenye makorongo ya juu ya Kamanyola, ndiyo maana mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II yalijengwa huko. Mto wenyewe ni mgeni. Zamani maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edouard, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Miaka 10,000 hivi iliyopita ziwa lilifurika kusini, maji yakaanza kushukia kwenu. Kwa hiyo mashapo ya juu kabisa karibu na mto yana historia tofauti na yale yaliyolala chini yake, ingawa ramani imeyapa rangi moja.

Sasa twende shambani. Chagua siku ya kiangazi, anza kwenye mguu wa mlima pale kijito kinapotoka katika bonde lake jembamba, utembee kuelekea mashariki hadi Ruzizi. Mwanzoni unakanyaga mawe yenye ukubwa wa kichwa, yenye kona kali, yamechanganyika na udongo bila mpangilio wowote. Maji yaliyoyaleta yalikuwa na nguvu, na safari ilikuwa fupi. Kila kijito kinachotoka mlimani kinatandaza mzigo wake kwa umbo la upepeo, na pepeo hizo zinapandana ubavu kwa ubavu. Ukishuka kilomita moja mbili, mawe yanapungua hadi ukubwa wa ngumi, kisha kokoto, na kona zimelainika. Mbele zaidi ni mchanga uliochujwa vizuri, wenye mistari ya mshazari iliyoachwa na maji yanayotiririka. Karibu na mto ni udongo mwembamba wa mafuriko, wa kijivu, unaopasuka jua likiwaka. Na unapoelekea Kiliba na Uvira unaweza kukuta udongo mfinyanzi wa ziwa wenye makombe ya konokono, mahali ambapo leo ziwa halipo, kwa sababu Tanganyika limepanda na kushuka mara nyingi.

Hilo ni somo la usawa wa ardhi. Ramani inazaliwa pale unapolisoma somo hilohilo kwa kwenda chini. Simama kwenye ukingo wa mto uliokatwa wima, au machimbo ya mchanga, au ukuta wa barabara. Ukiona mawe yenye kona kali yamelala juu ya udongo mfinyanzi wa ziwa, ujue kuna kitu kilichobadilika. Inawezekana ufa ulicheza, mlima ukainuka na bonde likashuka, vijito vikapata nguvu ya kusukuma mawe mbali zaidi. Inawezekana pia hali ya hewa ilibadilika tu: ziwa likapungua, mvua zikawa kali, milima ikavuliwa miti. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa jiolojia wanapokimbilia ufa kwa sababu unapendeza zaidi. Njia ya kutenganisha ni kufuata tabaka hilo kwa mbali. Mabadiliko ya hewa yanagusa bonde lote, na mashapo ya upande wa Burundi yataonyesha alama ya wakati uleule. Ufa unagusa ubavu wake. Mawe makubwa yaliyorundikana upande wa Mitumba pekee, na unene unaoongezeka kadiri unavyokaribia mlima, ni ushahidi mzito.

Mzito kuliko huo ni mwinamo. Mashapo yanapotua majini au uwandani hulala karibu sawa. Tuseme kwenye korongo moja unapima matabaka ya chini na kukuta yameinama digrii 12 kuelekea mlimani, ya katikati digrii 6, na ya juu yamelala sawa. Mwinamo huo haukuja mara moja baada ya matabaka yote kutua. Bonde liliendelea kuzama upande wa mlima huku mashapo yakiingia, kila kizazi cha matabaka kikainama pamoja na vilivyotangulia. Kipimo hicho kinahitaji dira yenye kipima mwinamo na dakika chache, na mimi nakithamini kuliko siku nzima ya kuzunguka nikitafuta mpasuko kwa macho. Kuwa mwangalifu na kitu kimoja: matabaka ya kokoto kwenye pepeo za mashapo huzaliwa na mwinamo kidogo, wa kushuka kutoka mlimani. Yakiwa yameinama kinyume, yaani kurudi mlimani, hapo usiwe na shaka.

Kwa hiyo manjano yenu inagawanyika. Pepeo za leo ambazo bado zinapokea mawe kila masika zinapata rangi yake. Pepeo za zamani, zilizoachwa juu na vijito, zenye udongo mwekundu ulioiva juu yake, zinapata nyingine. Matabaka ya kale yaliyoinama, udongo wa ziwa, mchanga wa mito ya zamani, matope ya mafuriko ya Ruzizi, na chokaa iliyoachwa na chemchemi za moto, kila kimoja na rangi yake na nafasi yake katika mpangilio wa umri. Penye lava tunashukuru, kwa sababu umri wa lava unapimika maabara kwa potasiamu na argoni, na lolote lililolala juu yake ni changa kuliko yenyewe. Mchanga nao unaweza kupimwa ni lini mara ya mwisho uliona mwanga, na vipande vya mkaa vinapimwa kwa kaboni hadi miaka 50,000 hivi.

Sasa ngazi yenu nyuma ya shule. Usiipe jina kabla hujaihoji. Mto uliohama huacha ngazi. Ziwa la zamani huacha ufukwe. Poromoko la ardhi huacha ngazi kichwani mwake; hapa Bukavu kartie ya Funu imejaa ngazi za ardhi na kuta zilizopasuka, na sababu ni poromoko kubwa linalotembea polepole, wala si ufa wa tetemeko. Hata mfereji wa zamani wa kumwagilia uliozibwa unaweza kuonekana hivyo baada ya miaka hamsini ya kulimwa.

Uulize hivi. Je, inafuata usawa mmoja? Ufukwe wa zamani hubaki kwenye kimo kilekile kilomita kwa kilomita. Ukiupima mahali kumi na kimo hakibadiliki, ni ziwa. Ngazi ya mto hushuka taratibu pamoja na mto na kujipinda kwa duara la kona zake. Ngazi ya poromoko ni nusu duara, na chini yake kuna ardhi iliyovurugika. Ufa haujali kimo. Unapanda na kushuka, unakata pepeo ya kijito hiki na ya kijito kile kwa mstari unaoendelea, na unakata vitu vya umri tofauti. Na hapa kuna alama ninayoipenda: ngazi ikiwa na kimo kikubwa zaidi kwenye pepeo ya zamani kuliko kwenye pepeo changa iliyo jirani, basi ardhi imeshuka zaidi ya mara moja. Pepeo ya zamani imeshuhudia yote, changa imeshuhudia ya mwisho tu.

Picha za angani zinasaidia, kwa kiasi. Vipimo vya mwinuko vya chombo cha anga kilichorushwa Februari 2000, vinavyojulikana kama SRTM, vinapatikana bure na vinafunguka kwenye programu ya ramani ya QGIS, nayo ni bure. Ukitengeneza kivuli cha milima, usiridhike na mwanga wa upande mmoja. Nyufa nyingi za kwetu zinaelekea kaskazini na kusini au karibu na hivyo. Mwanga ukitoka kaskazini zinapotea kabisa, ukitoka mashariki au magharibi zinajitokeza. Lakini kila nukta ya data hiyo ni mita 30, ngazi ya mita mbili shambani haitaonekana. Droni ingeiona. Siku hizi kurusha droni uwandani ni kujitafutia matatizo na kuwatafutia wengine, kwa hiyo miguu ndiyo chombo chetu.

Na visima. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa kuwa ushahidi huu uko mikononi mwenu na hauna gharama. Ufa unaposuguana husaga mwamba na mashapo kuwa unga laini, na unga huo huziba maji yanayotembea chini ya ardhi. Upande mmoja maji yanapatikana mita nne chini, upande wa pili, hatua mia moja mbele, watu wamechimba mita kumi na tano. Mchimba visima anayafahamu hayo kwa mwili wake. Mwulize kila kisima kina kina gani, alikutana na nini njiani, kokoto au mchanga au udongo mweusi, na maji yalitokea kwenye nini. Andika, weka nukta kwenye ramani. Visima ishirini vilivyoandikwa vizuri vinaweza kuonyesha mstari ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona.

Chemchemi tatu za wazee ni kidokezo kizuri, ila bado si hukumu. Pima joto la kila moja kwa kipimajoto cha maabara ya shule, asubuhi mapema, na ulinganishe na joto la maji ya kisima cha kawaida. Chemchemi baridi zilizopangana kwenye kimo kimoja huenda ni mahali kokoto zilipolala juu ya udongo mfinyanzi, maji yanakosa pa kushukia yanatoka pembeni. Maji ya uvuguvugu au ya moto yanasema mengine, kwamba yametoka chini sana na yamepata mlango. Chemchemi za Kankule karibu na Katana ni za namna hiyo. Ng'ambo ya Kamanyola, huko Bugarama, Rwanda, maji ya moto yameacha chokaa nyingi kiasi kwamba kiwanda cha saruji kinaichimba. Hata chini ya ziwa, kwenye ufukwe wa Pemba kusini ya Uvira na kwenye Rasi ya Banza, maji ya moto yanatoka kwenye sakafu. Hayo yote ni milango ya nyufa.

Kabla hujatoka na wanafunzi, mwone chifu wa kijiji na umweleze kwa uwazi. Katika Kivu mtu anayegongagonga mawe na kuandika kwenye daftari anadhaniwa anatafuta dhahabu, na shamba la mtu linaweza kuwa na kesi kesho yake. Mama mwenye shamba aambiwe kwanza, naye ndiye atakayekuonyesha mahali udongo unapobadilika rangi.

Ukifika mahali korongo limekata ngazi yenyewe, umepata kitabu kilichofunguliwa. Paruza ukuta kwa panga hadi udongo mbichi utokee, uanzie juu ili takataka zisifunike ulichosafisha. Piga misumari na kamba, gawanya ukuta kwa miraba ya nusu mita. Tafuta tabaka moja jembamba ambalo halichanganyiki na lingine, kwa mfano udongo mweusi wa kinamasi wenye unene wa vidole vinne uliolala kati ya mchanga mweupe, na ulifuate kwa kidole. Linakuja sawa, linakuja sawa, kisha linakatika. Usirukie hitimisho. Tazama hapo lilipokatika: kuna mstari mwembamba wa udongo laini, kokoto zilizo karibu zimegeuka zikasimama wima kuufuata mstari huo, na ukiukwaruza kwa kisu unatoa ngozi inayong'aa yenye michirizi. Ng'ambo ya mstari tabaka jeusi liko chini zaidi. Pima. Tuseme sentimita 80. Sasa panda juu, tafuta tabaka changa lililokatwa na mstari uleule. Tuseme limeshuka sentimita 35 tu. Na udongo wa juu wa kulima haukukatika hata kidogo. Umesoma matukio mawili, angalau: la kwanza kabla tabaka hilo changa halijatua, lililoshusha sentimita 45, la pili baada yake, lililoshusha sentimita 35. Mkaa uliomo kwenye tabaka jeusi na mkaa wa udongo wa juu ungekupa miaka. Chora ukuta wote kwenye karatasi ya miraba kabla ya kupiga picha, kwa sababu mkono unaochora unalazimisha jicho kuona.

Hapo ndipo swali la uhai linapojibiwa. Huko California sheria ya mwaka 1972, iliyotungwa baada ya tetemeko la San Fernando la 1971, inauhesabu ufa kuwa hai ikiwa umecheza ndani ya miaka 11,000 hivi iliyopita. Ni kipimo kizuri kwa nchi ambayo nyufa zake zinakwenda mbio. Kwetu nakiona kifupi. Fanya hesabu na wanafunzi: ufa unaobeba milimita moja kwa mwaka, ukicheza kwa mita moja kila mara, unahitaji wastani wa miaka 1,000 kujikusanya. Milimita mbili au tatu za bonde letu zinagawanywa kati ya nyufa nyingi. Ufa unaopata sehemu ya tano ya milimita unahitaji miaka 5,000 kwa hesabu hiyohiyo. Unaweza kulala kimya kupita historia yote ya wazee wetu na babu zao, na bado uko hai.

Ongeza hili: matetemeko mengi hayafiki juu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 lile lililotupiga sisi Bukavu na ndugu zetu wa Cyangugu, Rwanda, lilikuwa la magnitudo 5.9. Liliua watu na kuangusha nyumba, na rada za setilaiti zikaona ardhi ilivyohama, lakini tetemeko la ukubwa huo kwa kawaida halichani uso wa ardhi. Mpasuko unaofika juu huanza kutarajiwa kwenye magnitudo 6.5 hivi na kuendelea. Lile la Ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie, tarehe 5 Desemba 2005, lilikuwa 6.8. La Kalehe la tarehe 24 Oktoba 2002 lilikuwa 6.2. Kwa hiyo mahali pasipo ngazi hapajathibitishwa kuwa salama, na ndiyo maana ramani ya mashapo inakwenda pamoja na orodha ya matetemeko. Kituo cha utafiti cha Lwiro kimekuwa kikiyarekodi tangu miaka ya 1950, na orodha hiyo ni mali ya thamani kwa kila anayechora ramani hapa.

Sasa mstari mwekundu. Penye ukuta kama ule wa korongo, ambapo umegusa ufa kwa mkono, chora mstari mzima. Ambapo unajua upo kwa sababu ya ngazi na visima lakini hujauona, chora vipande vipande. Ambapo umefunikwa kabisa na mashapo changa na unakisia tu kwamba unaendelea, chora nukta. Mchoraji wa ramani yenu alichora mstari mmoja mzima kutoka juu hadi chini, na hapo ndipo alipowakosesha, kwa maana aliwaambia ana uhakika ambao hakuna mtu anaweza kuupata kwenye udongo. Tena mguu wa mlima mara nyingi hauko juu ya ufa wenyewe. Mmomonyoko umerudisha ukuta wa mlima nyuma, na ufa unaocheza leo unaweza kuwa umehamia mbele, ndani ya uwanda, ukiwa ukanda wa nyufa kadhaa ndogo badala ya mpasuko mmoja. Ngazi nyuma ya shule, ikithibitika, inaweza kuwa mmoja wa ukanda huo.

Wazazi wa wanafunzi waambie hivi. Mpaka ngazi ile ijulikane ni nini, msijenge juu yake wala kwenye ukingo wake. California huacha mita 15 hivi kutoka kwenye ufa uliopimwa kwa shimo. Ninyi hamjapima, acheni 50, ardhi ipo. Lakini, mwalimu, mimi ningeogopa kijito kabla ya ufa. Pepeo ya mashapo inayopokea mawe hadi leo ni njia ya mlima, na mlima utaitumia tena. Uvira ilijifunza kwa uchungu mwezi wa Aprili 2020, pale Mulongwe na mito jirani iliposhuka na mawe na matope juu ya makartie. Mkiona mawe yenye ukubwa wa kichwa yasiyo na udongo mwekundu juu yake, hapo pasijengwe darasa, hata kama pako wazi na ni bei nafuu. Matope ya kando ya mto nayo yana ubaya wake: mchanga laini uliojaa maji hupoteza nguvu unapotikiswa, na jengo linazama upande. Kati ya hayo mawili, pepeo za zamani zilizoachwa juu, zenye kokoto zilizoshikana na udongo mwekundu ulioiva, ndipo ningeweka watoto, mbali na kingo za makorongo.

Na popote mtakapojenga, fundi aweke shenaji, mkanda wa zege wenye vyuma unaozunguka jengo lote, juu ya msingi na tena juu ya madirisha, na paa liwe la mabati mepesi. Ukuta wa pembetatu juu ya kuta za kando usijengwe kwa matofali, ndio unaoanguka kwanza. Ufungwe kwa mbao au mabati.

Kwa darasa lako, anzeni na visima na chemchemi. Kimo cha ngazi kipimeni kila hatua hamsini kwa bomba la maji la uwazi na fimbo mbili, njia ya mafundi waashi. Picha zipigwe na kitu cha kupimia ndani yake, jembe au rula, na upande wa kaskazini uandikwe. Mkileta daftari hilo kwenye idara ya jiolojia ya Université Officielle de Bukavu, litapata wa kulisoma, na ukuta wa korongo mkiupata, msiusafishe wote peke yenu: acheni nusu yake bila kuguswa ili sampuli za mkaa na mchanga zichukuliwe bila kuona jua.